Kumkodisha Kobe

Neno lilitoka wakati wanakunja shuka uani. Mama alikuwa ameshika ncha mbili na binti ncha mbili, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkimbia mwenzake.

"Mama, nimepata watu wanaomtaka Kobe," binti alisema. "Kukodi tu. Miezi mitatu, halafu wanamrudisha."

Mama alivuta shuka mpaka likanyooka, akakunja upande wake, akasogea kumkabidhi binti ncha zake. Uso wake haukubadilika. Ila alichukua foronya akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, na hapo binti akajua amesikia.

Kobe alikuwa gari. Alianza maisha akisambaza mikate, akizunguka mitaani asubuhi na milango yake miwili ya nyuma ikipigapiga. Tajiri wa mikate alipomchoka alimuuza kwa mwalimu mmoja wa jiografia, mtu aliyekuwa amefundisha mito na milima kwa miaka kumi na miwili bila kuona mto mwingine zaidi ya ule unaopita nyuma ya soko. Mwalimu aliondoa rafu za mikate, akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi la mafiga mawili na tangi dogo la maji, akatoboa madirisha mawili ubavuni. Useremala hakuwa nao. Droo ya pili haikuwahi kufunga sawasawa tangu siku ilipotengenezwa, na mlango wa kabati la juu ulikuwa na tabia ya kumpiga mtu kichwani akijisahau. Majirani walicheka mpaka wakachoka, maana hawakuelewa mtu mwenye nyumba yake, kitanda chake na neti yake anatafuta nini kwenda kulala ndani ya gari. Mwalimu aliwauliza kama waliwahi kumcheka kobe. Jina likabaki hapo hapo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule tatu kwa zaidi ya miaka thelathini, na watu wazima wenye vitambi vyao, wakikutana naye njiani, bado wanamwamkia, "Shikamoo, Mama Sare." Mapazia ya Kobe aliyashona yeye kwa vipande vilivyobaki vya kaptula na sketi, kwa hiyo ukilala humo unazungukwa na bluu, kijivu na kijani cha wanafunzi wa shule zote tatu.

Mwalimu alifariki miezi kumi na moja kabla ya siku ile ya shuka. Alikuwa amekaa barazani na gazeti mkononi, moyo ukasimama, na mkewe akapita mara mbili akidhani amesinzia.

Tangu waombolezaji walipotawanyika, Mama Sare alikuwa akinywa chai yake ya asubuhi, anaosha kikombe, anavuka uani na kupanda ndani ya Kobe. Anakaa kiti cha mbele, cha abiria, anavuta pazia, na humo anashinda mpaka jua linazama. Kobe hakwenda popote. Amesimama pale pale karibu na ukuta, tairi zimeanza kulala. Humo ndani alijiwekea mto wa kuegemea, miwani, na kikombe cha pili ili asiwe na sababu ya kurudi ndani ya nyumba. Wageni waliokuja walizungumza naye dirishani kama watu wanaokata tiketi, na baadaye wakaacha kuja, kwani si mchezo kumpa mtu pole umesimama juani. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Binti yake, aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa, alirudi jioni na kumpelekea mama chakula mlangoni mwa gari.

Kwa mdomo, binti alisema paa la jikoni linavuja na Kobe anaoza kwa kusimama. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini sababu hasa ilikuwa nyingine: alimwona mama yake akihama kidogo kidogo, na aliogopa kwamba iko siku atapanda asishuke tena. Mama naye aliijua sababu hiyo. Hakuzaa mjinga, na mwenyewe hakuwa mjinga. Kilichomuuma ni kwamba hakuweza kumwambia binti kuwa amekosea.

"Waje waone," alisema mwishowe, akaiweka foronya juu ya rundo la mashuka. "Wakishaona tutajua."

Walikuja Jumapili: kijana mpima ardhi, mkewe, na mtoto wao wa miezi mitano aliyefungwa mgongoni mwa mama yake. Mpima ardhi alikuwa amepata kazi ya kupima mashamba kwenye vituo tisa, na kila kituo angekaa siku kadhaa kisha ahame. Alitaka kwenda peke yake na kumwacha mkewe kwa wakwe. Mke alikataa katakata. Alisema hakuolewa ili akalelewe upya na mama mkwe, na kama kuna kulala porini basi watalala wote watatu.

Jirani mwenye teksi aliazima betri, akapuliza tairi, na Kobe akawaka baada ya kukohoa mara nne. Mama Sare aliposikia injini ile alishika ukuta. Kisha alijikaza, akaanza kuwatembeza wageni humo ndani, na jamani, hakubakiza kitu. Aliwaonyesha jinsi ya kuinua mlango wa ubavuni kidogo kabla ya kuusukuma, la sivyo haufungi. Aliwaambia gesi ifungwe kwenye mtungi wala si kwenye jiko, na kwamba pampu ya maji hupenda kupigwa teke moja, la upande wa kushoto. Honi hailii mpaka usukani ukatwe kushoto, kwa hiyo anayetaka kupiga honi na ageuke kidogo. Alionya kuhusu kabati la juu, na mpima ardhi akagongwa papo hapo, wote wakacheka, hata mama mwenyewe, na binti aliyesimama mlangoni akashangaa kusikia sauti ile.

Mke wa mpima ardhi hakuwa akisikiliza sana. Alikuwa ameuona ule mto kwenye kiti cha mbele, umebonyea katikati, na ile miwani, na kile kikombe. Akamtazama Mama Sare.

Kilichosahaulika kilikuwa kimoja tu, na Mama Sare hakukisahau kama mtu anavyosahau. Breki ya mkono ya Kobe haikushika. Haikuwahi kushika kwa miaka ishirini na sita. Kila walipofika mahali pa kusimama, Mwalimu alikaa na mguu juu ya breki ya chini, na mkewe alishuka na kigogo cha mbao, akakitia nyuma ya tairi, akarudi hatua mbili, akainua mkono. Hapo ndipo Mwalimu alipoachia. Kwa Mama Sare huo haukuwa ubovu wa gari. Ndivyo gari linavyosimama. Mtu akikuonyesha nyumba yake hakwambii kwamba mlango hufunguliwa kwa mkono, na yeye hakuona cha kuwaambia.

Wakatoka kulijaribu. Mpima ardhi alishika usukani, mkewe akakaa kiti cha mbele na mtoto mapajani, na Mama Sare akakaa nyuma, kitandani. Hakuwahi kukaa nyuma Kobe akitembea. Aliyatazama maduka yakipita ubavuni badala ya kuja mbele yake, na alijihisi mgeni ndani ya gari lake mwenyewe. Walipanda mpaka kwenye tangi la maji la mtaa, mahali panapoonekana tambarare lakini si tambarare. Mpima ardhi alizima injini, akavuta breki ya mkono ikalia kri-kri-kri kama breki yoyote yenye akili zake, akashuka kwenda kutazama taa za nyuma. Gari lilitulia. Alifungua mlango mmoja wa nyuma, akaufunga kwa nguvu kidogo, na mshtuko ule mdogo ukatosha.

Kobe alianza kurudi nyuma bila sauti. Mama Sare ndiye aliyejua kwanza, kabla hata ya kuona, kwa vile tumbo lake liliujua mwendo wa gari lile. Alimsikia mpima ardhi akiita, akasikia kishindo cha mwili wake kwenye ubavu wa gari, kisha akawa hamsikii. Mke alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili na hakuwa na mkono wa tatu. Mama Sare alijipenyeza kati ya viti, mwanamke wa miaka sitini na minne, akaanguka kifudifudi chini ya usukani na kukandamiza breki kwa viganja vyote viwili. Kobe alisimama. Kati yake na nguzo ya tangi la maji ilibaki nafasi ya mtu kupita ubavu.

Mpima ardhi alitoka mtaroni alikoangukia, amechubuka kiganja na goti, suruali imechanika. Mkewe alishuka akaenda kusimama mbali, mtoto kifuani.

"Mama," mpima ardhi alisema, akihema, "breki ya mkono haishiki."

"Ndiyo," Mama Sare alijibu kutoka sakafuni. Hakuthubutu kuondoa mikono. "Haishiki."

"Ulijua?"

"Wa mbele hushuka kwanza, akaweka kigogo," alisema, na alipoyasikia maneno yale nje ya kichwa chake kwa mara ya kwanza, alifahamu yalivyo ya hatari.

Walirudi taratibu. Mpima ardhi aliaga kwa adabu, akasema watatafuta gari lingine, na mkewe akatangulia kutoka getini bila kugeuka. Binti alisubiri mpaka wakapotea njiani.

"Ungeua mtoto, mama," alisema. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana neno lile liliingia mpaka ndani.

Alasiri ile Mama Sare hakupanda garini. Alikwenda chumbani kulala, na hakulala. Alijisikia aibu hadi masikioni. Na chini ya aibu ile, ukweli lazima usemwe, palikuwa na kijifuraha fulani kinachojificha: basi yamekwisha. Gari bovu halikodishwi. Kesho atakunywa chai yake, ataosha kikombe, atavuka uani kama kawaida na hakuna atakayemwambia kitu. Aliijua furaha ile kwamba ni mbaya, akaiacha ikae hivyo hivyo.

Akamkumbuka mtoto wao wa kwanza, aliyechukuliwa na homa akiwa na miaka minne. Wakati ule Mama Sare alijifungia. Hakwenda sokoni, hakwenda kisimani, hakushona. Mwalimu alinunua gari mwaka huo huo, na yeye alikubali kupanda kwa sababu kukaa chumbani na kukaa garini kwake ilikuwa mamoja. Wakifika mahali, Mwalimu anashuka, anamweleza kupitia dirishani mto uko hivi, mlima uko vile, na yeye hata pazia hafungui. Ilikuwa safari ya nne, kwenye mteremko unaoingia mtoni, breki ya mkono ilipokatika. Mwalimu alibaki mguu umekakamaa juu ya breki ya chini. "Mke wangu," alimwambia, "nishukie uniwekee jiwe. Mguu huu nikiuachia tunaingia majini." Akashuka. Aliweka jiwe, akarudi hatua mbili kuona kama linashika, akainua mkono. Na kwa kuwa alikuwa ameshafika chini, akaenda kunawa uso. Miaka miwili baadaye akazaliwa binti.

Kesho yake binti alimpigia simu Fundi Kimya. Huyu ndiye aliyemhudumia Kobe tangu enzi za mikate, mtu anayeweza kukufumulia injini nzima na kuirudisha, neno lake la kwanza na la mwisho likawa "tayari". Alikuwa rafiki wa Mwalimu, alibeba jeneza, na tangu siku ile hakukanyaga kwao. Binti alimwekea kinyongo kwa hilo. Lakini ukitaka mtu wa kuigusa breki ya Kobe, nani mwingine?

Alikuja na baiskeli, jeki nyuma na spana kwenye mfuko wa unga. Aliamkia, akasikiliza habari ya tangi la maji bila kuinua macho, kisha akaingia chini ya gari. Alikaa humo kwa muda mrefu na hakuna spana iliyolia. Alipotoka hakusimama. Alikaa chini, mgongo kwenye tairi, akaanza kupangusa mikono ambayo haikuwa michafu.

"Haijafa, shemeji," alisema.

"Nini haijafa?"

"Breki."

Alimwomba achuchumae atazame. Chini ya gari kulikuwa na kebo nono, imepakwa grisi safi, haina hata doa la kutu. Ncha yake haikufika kwenye tairi. Ilikuwa imekunjwa na kufungwa pembeni kwa waya mwembamba, mizunguko mitatu iliyopangika vizuri, na pini yake imening'inizwa hapo hapo.

"Niliifunga mimi," Fundi Kimya alisema. "Ile ya kwanza ilikatika kweli, kule mtoni. Nikaweka hii. Wiki ile ile Mwalimu akarudi, akaniambia niichomoe."

"Kwa nini?" aliuliza binti.

Ilionekana wazi kwamba fundi anazitafuta sentensi alizokuwa hajazitumia maisha yake yote. "Alisema, nikiwa na breki hatashuka."

Mama Sare alibaki amechuchumaa, mkono mmoja ardhini.

"Kila mwaka alinileta niipake grisi," fundi aliendelea. "Nikamwuliza, breki isiyofanya kazi grisi ya nini? Akaniambia, mimi nikitangulia, irudishe siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaligusa gari. Nikamwahidi. Akatangulia. Nikawa nasema wiki hii, wiki ijayo. Ningekuja ningepaswa kukueleza, shemeji, na mimi maneno sina. Sasa mtoto wa watu nusura afe kwa ajili ya mdomo wangu. Kosa hilo si lako. Ni langu."

Mtu angedhani mama atalia. Hakulia. Alisimama kwa hasira ambayo binti hakuwa ameiona tangu siku mwalimu mkuu mmoja aliporudisha sketi mia akidai zimepinda.

"Kwa hiyo mlikaa chini, wewe na yeye, mkanijadili," alisema. "Miaka ishirini na sita. Nashuka kwenye mvua. Nashuka na mimba ya huyu hapa, tumbo limefika mdomoni. Nashuka mguu umevimba. Najiona mimi ndiye ninayelishika gari, kwamba bila mimi mwanamume yule hafiki popote. Kumbe mgonjwa tu. Mnanipa dozi."

"Mama," binti alisema.

"Niache. Alinidanganya mpaka kaburini."

Fundi Kimya alitazama mikono yake. Angeweza kuishia hapo, na kwa tabia yake angeishia hapo. Lakini safari hii alijikaza.

"Nilimwuliza," alisema. "Binti alipokuwa ameanza kutembea. Nikamwambia, Mwalimu, mama amepona, anacheka, anashona, nirudishe pini? Akasema hapana. Akasema, mwanzo ilikuwa kwa ajili yake. Sasa ni kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yake mwenyewe vipi?" mama aliuliza.

"Alisema akifika mahali, hata pawe pazuri vipi, mpaka akuone kwenye kioo umesimama pale nyuma umeinua mkono, ndipo anaona amefika."

Mama Sare aliwapa mgongo. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, na hapo alilia, kilio cha sauti kilichomfanya jirani wa teksi achungulie ukutani na kurudi upesi. Binti alimkalia ubavuni. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Alimlilia Mwalimu kwa uongo wake na kwa mapenzi yake, na hakuweza kuvitenganisha. Kisha akamlilia pia yule mwanamke wa miezi kumi na moja iliyopita, aliyekaa kutwa kwenye kiti kile kile ambacho mumewe alikula njama maisha yake yote ili asikikalie.

Aliponyamaza alipangusa uso, akamwambia fundi, "Irudishe."

Ilimchukua fundi dakika kumi. Aliivuta breki, wakasukuma gari watatu, bega kwa bega, na Kobe hakutikisika. "Tayari," alisema, akafunga jeki kwenye baiskeli.

Binti alidhani mambo yameishia hapo kwa siku ile. Alikuwa anatafuta namna ya kuuliza kuhusu kukodisha bila kuonekana ana haraka, alipomwona mama anatoka chumbani amevaa viatu vya kutokea.

"Wanakaa wapi wale?" aliuliza.

"Nitawapigia simu, mama."

"Niliowatia hatarini sitawaomba radhi kwenye simu. Nielekeze."

Alikwenda kwa miguu na alikwenda peke yake. Njiani alisimamishwa na watu watano, maana wengi walikuwa hawajamwona nje ya geti tangu msiba, na kila mmoja alimpa pole ambayo alikuwa ameiweka kwa kukosa pa kuitoa. Alizipokea zote. Zilimchosha kuliko mwendo wenyewe.

Mpima ardhi na mkewe walikuwa wamepanga chumba kimoja na baraza. Fito za kupimia zenye mistari myekundu na myeupe ziliegemezwa ukutani, masanduku yamefungwa kamba, tayari kwa safari isiyo na gari. Mpima ardhi alikuwa na kitambaa kiganjani. Alimpa mama kiti, akabaki amesimama.

Mama Sare alisema yote. Hakujitetea kwa kebo wala kwa pini. Alianza na tangi la maji, akasema kosa ni lake, kwamba alikaa na jambo mpaka akasahau ni jambo, na kwamba kama mtoto yule angepatwa na kitu asingejisamehe. Baada ya hapo ndipo alipoeleza habari ya Mwalimu na Fundi Kimya, mpaka kwenye kioo. Mpima ardhi alikaa katikati ya hadithi bila kujijua, juu ya sanduku.

"Breki sasa inashika," alimalizia. "Fundi wenu aikague kwanza, msiniamini mimi. Mkilitaka, lipo. Msipolitaka, sitawalaumu."

Mpima ardhi alimtazama mkewe, kwa kuwa hilo halikuwa lake kuamua. Mke alikuwa akimnyonyesha mtoto pembeni ya mlango na hakuwa amesema neno tangu jana yake. Alimhamisha mtoto titi la pili, taratibu, kama mtu anayejipa nafasi.

"Mama, nikuulize," alisema. "Kile kiti cha mbele. Niliona mto pale, na kikombe. Ni wewe unayekaa pale?"

"Ni mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kwa miezi kumi na moja watu walimpa pole, walimletea chakula, walimzunguka kwa hekima zao, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza waziwazi hivyo. Hata binti yake aliogopa.

"Sasa sisi tukiondoka nalo," mke alisema, "wewe utakaa wapi?"

Mama Sare aliufikiria ua wake bila Kobe. Aliona mahali pale karibu na ukuta, patupu, ardhi ngumu yenye madoa ya mafuta. Alijaribu kujiona asubuhi, kikombe kimeshaoshwa, mlango wa jikoni uko wazi, na miguu haina pa kwenda. Aliogopa, na hakuona haja ya kuficha kwamba anaogopa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ndiyo sababu nataka mlichukue."

Mke alimtoa mtoto titini. Kisha akamwambia mumewe aulize kama wanaweza kuondoka nalo Jumamosi, na mama akasema waje asubuhi.